Uhifadhi wa Sauti na Miswada katika Diski za Kubebeka: Mtazamo kutoka Nyali, Mombasa

Mtafiti wa lahaja anayekaa Nyali, na kufanya kazi yake miongoni mwa wazee wa Kongowea, Kisauni na Mji wa Kale, hurudi nyumbani jioni akiwa na kitu kisichozidi ukubwa wa pakiti ya sigara, na ndani ya kitu hicho mna kazi ya miaka. Zamani kazi hiyo ingejaza kabati zima la kanda. Wepesi huo ni neema, na papo hapo ni hatari. Kanda moja ilipoingia kuvu, ilipotea saa moja ya mazungumzo. Diski moja ikifa, hupotea mazungumzo yote, na aghalabu mzee aliyehojiwa amekwisha kufariki, kwa hivyo hapana njia ya kumrudia na kumwuliza alivyokuwa akilitamka neno fulani. Makala haya yanakusudia kueleza ni diski ya namna gani imfaayo mtafiti wa lugha katika pwani hii. Yanakusudia pia kuonyesha kuwa swali linaloulizwa kila mara dukani, yaani diski gani ndiyo ya kutegemewa, limeulizwa vibaya.

Historia ya fasihi ya Mombasa yenyewe yatoa ushahidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalidumu kwa muda mrefu katika vichwa vya watu na katika karatasi chache. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alimsaidia mmishenari W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaandika. Karatasi za Taylor zilifika London, zikahifadhiwa katika chuo cha SOAS. William Hichens akatoa diwani iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake juu ya mshairi huyo. Mashairi hayo hayakuokolewa na ubora wa karatasi, kwani karatasi ya Mombasa huliwa na mchwa na chumvi. Yaliokolewa kwa kuwa yalinakiliwa, na nakala zikakaa mahali mbalimbali chini ya mikono mbalimbali. Mwanazuoni anayenunua diski leo yumo katika shughuli ile ile ya Mwalimu Sikujua, ila chombo ndicho kilichobadilika.

Yafaa kwanza kulitazama jina. Wengi nchini Kenya husema "hadi diski", na wapo waandikao "diski ngumu", tafsiri ya neno kwa neno. Ugumu huo ulikuwa na maana wakati ilipokuwapo diski nyingine iliyo laini, ya plastiki, iliyotiwa katika kompyuta na kutolewa. Diski laini imekwisha kutoweka, na neno "ngumu" limebaki bila mwenzake wa kulinganishwa naye. Jambo hilo lakanganya zaidi kwa kuwa vifaa vipya vingi vinavyouzwa kwa jina hilo havina diski yoyote ndani yake. Katika makala haya "diski ya sahani" ni ile yenye sahani zinazozunguka, na "diski ya chipu" ni ile isiyo na kitu kinachokwenda. Tofauti hiyo si ya istilahi tu. Ndiyo inayoamua kifaa kitakufa kwa njia gani.

Ndani ya diski ya sahani mna sahani moja au zaidi zilizopakwa utando wa sumaku, nazo huzunguka, katika zile ndogo za kubebeka, aghalabu mara 5,400 kwa dakika. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa kikiigusa sahani inapozunguka, huikwaruza, na yaliyoandikwa hapo hayarudi. Kwa sababu hiyo diski hii huvumilia mtikiso zaidi ikiwa imezimwa na kichwa kimeegeshwa, kuliko inapofanya kazi. Anayeinakilia sauti huku ameipakata katika tuktuk, ikirukaruka juu ya matuta ya njia za ndani za Kisauni, anaiweka katika hali ile hasa isiyotengenezewa. Diski ya sahani ni kitu cha mezani: huchomekwa, hutulia, humaliza kazi, huzimwa, kisha ndipo huinuliwa.

Diski ya chipu haina kichwa wala sahani. Maandishi yake ni chaji za umeme zilizofungiwa katika vyumba vidogo mno vya chipu, kwa hivyo huhimili kuanguka na kutikisika, na hunakili kwa kasi zaidi. Kwa safari za nyanjani ndiyo ifaayo. Lakini ina udhaifu ambao wauzaji hawautaji: chaji huvuja polepole kifaa kinapokaa bila umeme, na joto huongeza kasi ya kuvuja. Viwango vya JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya sekta hiyo, vyataka diski ya chipu ya mtumiaji wa kawaida, ikiwa imekwisha kutumiwa hadi kikomo chake cha kuandikwa, iweze kuhifadhi yaliyomo kwa mwaka mmoja bila umeme katika joto la nyuzi 30. Diski mpya hudumu zaidi ya hapo. Hata hivyo nyuzi 30 ni joto la kawaida la chumba cha Nyali wakati wa kaskazi, wala si joto la maabara. Diski ya chipu, basi, si ya kufungiwa sandukuni kwa miaka mitano na kusahauliwa. Hapana budi ichomekwe angaa mara mbili kwa mwaka, na yaliyomo yasomwe.

Hukumu inayofuata ni nyepesi: ya chipu kwa safari, ya sahani kwa rafu. Mwenye uwezo wa kununua zote mbili anunue zote mbili. Mwenye uwezo wa moja tu angoje kidogo, maana diski moja, iwayo yote, si hifadhi.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Diski nyingi za sahani za kubebeka zimewekewa na watengenezaji kikomo cha kufanya kazi cha nyuzi 35, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima, pamoja na chumvi iletwayo na upepo wa bahari. Chumvi hushambulia hasa ncha za chuma za waya na tundu la kuchomekea. Nyumba zilizo karibu na ufuo zaonyesha hayo kwa bawaba za milango zinavyopata kutu. Diski iwekwe katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu, nazo zibadilishwe au zikaushwe zinaposhiba. Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na inapotolewa katika chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa nje kwenye hewa yenye joto na unyevu, iachwe katika mfuko wake hadi ipate joto la hapo ndipo iwashwe, kwani kitu baridi hutoa jasho kama gilasi ya maji ya barafu.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni bora kuliko kukisia. Sauti iliyorekodiwa bila kubanwa, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na IASA, jumuiya ya kimataifa ya nyaraka za sauti, huchukua takriban gigabaiti 1 na kidogo kwa saa ikiwa ni ya njia mbili. Ukurasa wa A4 ukipigwa picha kwa nukta 400 kwa inchi, kwa rangi na bila kubanwa, huchukua takriban megabaiti 46. Mtafiti mwenye saa 200 za mazungumzo na kurasa 3,000 za miswada anahitaji, kwa hivyo, gigabaiti zipatazo 350. Diski ya terabaiti 1 yamtosha na kumbakia. Asishtuke kompyuta itakapomwonyesha 931 badala ya 1,000. Mtengenezaji huhesabu kwa makumi na programu ya Windows huhesabu kwa 1,024, na hapana kilichoibwa. Kununua terabaiti 5 kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei ni kishawishi kibaya, kwa kuwa diski kubwa humfanya mtu arundike kila kitu mahali pamoja, na kuinakili na kuikagua huwa kazi inayoahirishwa.

Wizi wa kweli uko kwingine. Katika maduka ya kisiwani, na zaidi katika biashara za mkononi, huuzwa vifaa vinavyojidai kuwa na terabaiti 2, au hata 16, kwa bei isiyoingia akilini. Ndani mna kadi ndogo, pengine ya gigabaiti 64, iliyopangwa ili iidanganye kompyuta. Faili za kwanza hukaa sawasawa, na mnunuzi huridhika. Nafasi halisi ikijaa, kifaa huendelea kukubali faili na kuzionyesha majina yake, huku kikiandika juu ya zile za zamani au kutoandika kabisa. Udanganyifu huo ni mbaya kuliko kuvunjika, kwa sababu hugunduliwa baada ya miezi, pale faili inapofunguliwa na kukutwa tupu. Dawa ni kuijaribu kila diski mpya kabla ya kuiamini: programu ya H2testw katika Windows, au F3 katika Linux na Mac, huijaza diski yote na kisha kusoma iwapo kilichoandikwa ndicho kilichopo. Jaribio hilo huchukua saa kadhaa, nalo lafaa kufanywa wakati stakabadhi ya duka bado ina nguvu.

Jina la kampuni hupunguza hatari hiyo, ila haliiondoi hatari yote. Watengenezaji wakubwa wa diski za sahani duniani wamebaki watatu, Seagate, Toshiba na Western Digital, na hapana mmoja wao asiyekuwa na toleo lililolaumiwa. Mwaka 2023 baadhi ya diski za chipu za SanDisk Extreme, zilizosifiwa sana na wapiga picha, zilianza kupoteza yaliyomo, hata ikabidi Western Digital, iliyokuwa ikimiliki jina hilo wakati huo, itoe rekebisho la programu ya ndani. Dhamana ya miaka miwili au mitatu nayo yafaa kusomwa kwa makini: kinachorudishwa ni diski mpya. Sauti ya bibi aliyeimba nyimbo za harusi hairudishwi na dhamana yoyote.

Ndiyo maana kutegemewa si sifa ya diski, bali ni sifa ya mpango. Kanuni inayohusishwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, aliyeandika juu ya hifadhi ya picha mwaka 2005, yataka nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine. Kwa mtafiti wa Nyali, nakala ya kwanza ni ya kompyuta, ya pili ni ya diski ya sahani nyumbani, na ya tatu yapaswa kuvuka daraja, tena ikiwezekana itoke pwani kabisa: kwa ndugu aliye Voi, au katika maktaba ya chuo Nairobi. Diski mbili katika droo moja ni nakala moja mbele ya mwizi na mbele ya moto.

Yupo atakayesema kuwa hifadhi za mtandaoni zimeyamaliza haya yote. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na kwa miezi kadhaa makusanyo yake ya mtandaoni hayakufikika, yakiwamo yale ya mpango wa nyaraka zilizo hatarini, ambao ndani yake mna picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Miswada yenyewe ilibaki Lamu, kwa kuwa mpango huo hauziondoi nyaraka katika nchi zake na hutaka nakala za picha ziachwe huko pia. Hifadhi ya mtandaoni ni nakala nzuri ya ziada, lakini nywila ikipotea, au ada isipolipwa, mlango hufungwa.

Waswahili husema akiba haiozi. Ya diski huoza, tena bila harufu. Biti moja ikigeuka, faili hubaki na jina lake na ukubwa wake. Programu za kukokotoa SHA-256 humpa kila faili namba yake ndefu. Namba hizo zikiandikwa siku ya kurekodi, na kukokotolewa tena kila baada ya miezi sita, faili iliyobadilika hujulikana mara moja na kurudishwa kutoka katika nakala nzima. Kinachoharibika mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni waya. Kabla ya kuhuzunika, ujaribiwe waya mwingine. Na diski isichomolewe kabla ya kompyuta kuambiwa iiachilie, wala isiandikwe kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, orodha ya faili zote yaweza kuvurugika.

Limebaki suala la haki za waliohojiwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Diski iendayo safarini ifungwe kwa nywila, na nywila iandikwe katika karatasi inayokaa mbali na diski. Nakala ya kuwaachia jamaa za mzee iwe ya MP3 katika kifaa kidogo wanachoweza kukifungua nyumbani. Wao ndio walinzi wa kwanza. Kila nakala iwe pia na faili ya maandishi matupu inayotaja nani anasema, wapi, tarehe ngapi, kwa lahaja gani na kwa ruhusa gani. Diski ya sahani itolewe kazini baada ya miaka mitano hivi, hata kama bado inazunguka vizuri, na tarehe ya kununuliwa kwake iandikwe kwa wino mgongoni mwake siku ile ile inapotoka dukani.