Usiachwe kwa Mataa ya Bailey

Mtaani kuna imani moja haikufangi: ati msee akishapanda ndege ya majuu, stori ya bando imezikwa. Ati huko kila mtu ako na data isiyoisha, hakuna kubonyeza *544#, hakuna kukopa Okoa Jahazi saa sita za usiku ndio dem asidhani umemlenga. Maze, hizo ni stori za jaba. Mimi naishi Buffalo, jimbo la New York, na venye nimecheki, wenye wanaachwa kwa mataa huku ni wale walikuja wakidhani intaneti ni kama hewa. Msee wa Dandora ama wa Kakuma, aliyelelewa na bando ya finje ya masaa matatu, huyo anatoboa. Alishazoea kushusha ngoma kwa waifai ya wenyewe, kuzima data akimaliza kusoma meseji, na kujua kila kona yenye mtandao unashika. Hiyo shule haina cheti lakini Bailey Avenue inaitambua.

Ramani kwanza. Kensington-Bailey iko kaskazini mashariki mwa Buffalo, pale Kensington Avenue na Bailey Avenue zinakutana. Keja za mbao, mara nyingi familia moja chini na ingine juu. Kwa miaka mingi umekuwa mtaa wa Wamarekani weusi, na siku hizi Wabangladeshi wengi wamehamia upande huu wa mashariki kutoka jiji la New York na kufungua maduka ya halali. Mbogi yetu, Wakongo na Wasomali na Warundi waliopitia kambi za Kakuma, Dadaab, Nyarugusu na Nakivale, wengi walianzia West Side karibu na Grant Street. Kodi ya huko ikapanda, na wengine wanasukumwa huku mos mos. Ukiingia duka usishangae kukuta Kiswahili cha Bukavu kinabishana na Sheng ya Eastleigh juu ya bei ya mchele.

Sasa fon. Kabla utoke kwenu, chunguza hiyo kitu uko nayo mfukoni. Tecno na Infinix nyingi za soko la Afrika hazikuundwa na masafa yenye kampuni za Marekani zinatumia, kwa hivyo utashika mtandao hapa, upotee pale, ufikirie ni laini kumbe ni simu. Kabambe ya zamani usibebe kabisa. AT&T, T-Mobile na Verizon zote zilizima 3G ndani ya 2022, na utabaki na saa na tochi.

Kampuni zenye minara yake ni hizo tatu kubwa. Majina mengi utaona kwa mabango ya Bailey ni watoto wao: Cricket ni ya AT&T, Metro ni ya T-Mobile, Visible ni ya Verizon, na Mint nayo ilimezwa na T-Mobile mwaka wa 2024. Laini ya bei ya chini inapiga kazi fiti siku ya kawaida. Noma ni mnara ukijaa, juu wateja wa hizo laini ndio wanasongeshwa nyuma ya foleni kwanza. Wamekuandikia hivyo, lakini kwa maandishi ya saizi ya siafu, karibu na pale wanasema spidi itashushwa ukipita giga fulani, na hotispoti ina kipimo chake. Siku timu ya Bills inacheza kule Orchard Park, uwanja unajaa watu na kila mtu anarekodi. Bando yako bado haijaisha kwa karatasi. Picha moja tu ndio inazunguka hadi mechi iishe.

Ka umekuja kutembea wiki mbili, eSIM ya wasafiri inatosha na unaiseti ukiwa bado Nairobi. Ka umekuja kukaa, tafuta laini yenye namba ya Marekani, juu nyingi za zile za wasafiri ni data tupu. Landilodi, kazi, benki, shule ya watoto, wote wanataka namba ya kupiga. Na ile laini ya nyumbani usiitupe. Benki yako ya Kenya bado itatuma namba za siri huko, na bila hiyo meseji huingii kwa akaunti yako.

Hapo ni rahisi. Kazi iko kwa steji. Basi namba 19 linakata Bailey Avenue, na kwa huu mtaa ndio nganya yetu, isipokuwa halina grafiti, halina ngoma, na dere habishani na mtu. Nauli ni dola 2. Hakuna makanga wa kukushikia mlango akikuona unakimbia, na hakuna lingine nyuma yake linalokuja likipiga honi kugombania abiria. Ukilikosa jioni ama Jumapili, utasimama. Ndio maana apu ya basi huku ina maana kuliko Instagram: inakuonyesha basi liko wapi, ndio ukae ndani ya keja ama ndani ya duka hadi libaki dakika mbili. Kwa hizo dakika mbili tu ndio data inalipa. Huhitaji giga nyingi. Unahitaji kidogo, mahali hapo, saa hiyo.

Halafu kuna kitu hakuna mtu wa Nairobi anakwambianga: baridi inaua betri. Apple wenyewe wanasema iPhone iliundwa kutumika kati ya sifuri na digrii 35 za Selsiasi. Januari ya Buffalo haijasoma hiyo karatasi. Ukitoa simu mkononi kwa steji, kemikali ndani ya betri zinapoa, umeme unapita kwa shida, na simu iliyokuwa asilimia 30 inazima bila kuaga. Ikipata joto inaamka, lakini basi limeshapita. Wasee wa huku wanaiweka mfuko wa ndani, karibu na kifua, na kuitoa mara moja tu. Pawabanki pia ikae ndani, usiiweke kwa mfuko wa nje wa begi ikaganda na wewe. Na tafuta glavu zenye vidole vinavyogusa skrini, juu kuvua glavu ndio ujibu "niaje" ni gharama haifai.

Kuna miji imefikiria hii kitu ya data kwa basi mapema. Columbus, Ohio, basi za CMAX zilianza Januari 2018 kwenye Cleveland Avenue, barabara yenye maduka na mikahawa ya Wasomali imejaa, na zilianza zikiwa na waifai ya bure. Watu wa Columbus walisherehekea. Nairobi tulikuwa tumeshaonja hiyo 2013, Safaricom ikiweka Vuma Online kwa mathree, na ukaona watu wanapitisha steji yao makusudi ndio wamalize kushusha muvi.

Bailey ikipanda kaskazini unafika kampasi ya kusini ya chuo kikuu cha Buffalo, na karibu hapo kuna University Station, mwisho wa reli ya Metro. Ni reli moja tu, imekuwepo tangu miaka ya themanini, na sehemu kubwa inapita chini ya ardhi kabla itokeze tao, ambapo kupanda ni bure. Huko chini usiweke matumaini kwa mtandao. Tiketi, anwani ya interview, namba ya mtu unaenda kumwona, fungua zote ukiwa bado juu, piga picha ya skrini. Ramani ya Buffalo yote ishushwe kwa waifai ya nyumbani, juu GPS yenyewe haili bando. Inayokula ni picha za ramani. Hii ndio ile shule ya finje nilikuwa nabonga.

Na ka unasoma chuo Kenya na uko huku kwa mafunzo mafupi, jaribu eduroam. Ile akaunti ya chuo chako, ka kiko kwa huo mfumo, inaweza kukuingiza kwa waifai ya chuo cha Buffalo bila kuomba mtu. Wengine wote, maktaba. Kaunti hii ina maktaba 37 na waifai ni ya bure. Ya karibu na mtaa wetu ni ile ya Leroy R. Coles Jr. kwa East Delavan Avenue. Joto bure, choo bure, soketi bure.

Waifai ya keja ndio imekuwa na drama. Tangu mwisho wa 2021 serikali ya Washington ilikuwa inakatia familia zisizo na doo dola 30 kila mwezi kwa bili ya intaneti. Familia zaidi ya milioni 20 zilikuwa ndani. Bunge halikuongeza pesa, mpango ukafa Juni 2024, na bili ikarudi kwa mwenyewe. Watu wakarudi kwa hotispoti ya simu, watoto watatu kwa laini moja, homuweki inalia. Lakini New York iko na sheria yake, ilianza kufanya kazi tarehe 15 Januari 2025: kampuni kubwa za intaneti lazima ziwe na kifurushi cha dola 15 kwa mwezi kwa familia ya kipato cha chini. Ka mathe ako na SNAP, ile kadi ya msosi, ama Medicaid, anaingia. Hawatakupigia simu kukukumbusha. Utauliza mwenyewe, na akikwambia hakuna, uliza tena kwa sauti.

West Side nako kuna maajabu. West Side Bazaar, ile soko ya vibanda vya msosi wa dunia nzima, ilichomeka 2022 ikahamia Niagara Street, kando ya mto. Ng'ambo ya huo mto ni Kanada. Unakaa, unadishi, hujavuka daraja wala kuonyesha pasi, na simu inakuletea meseji kukukaribisha nchi nyingine, juu imeshika mnara wa Fort Erie. Ka laini yako haijumuishi Kanada, data inakatika ama inakutoza. Zima romingi kabla ufike huko. Mtu wa Busia ama Namanga hapa anacheka tu.

Kupiga nyumbani ni hesabu ya masaa. Kiangazi Nairobi iko mbele masaa saba, msimu wa baridi nane, na Goma na Bukavu unatoa moja. Ukitoka shifti ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, shosh ameshakula lunchi na ako fiti kubonga. Pesa nayo inaenda kwa apu, na hapo kuna kitu kipya: tangu 1 Januari 2026 Marekani inatoza asilimia moja kwa pesa unazotuma nje ukilipa na noti mkononi. Ukilipa na kadi ya benki ya Marekani ama kutoka akaunti yako, hiyo ushuru haikuguzi. Kwa hivyo yule anapanga laini dukani na noti zake ndio anakatwa, na mwenye ako na data na kadi anapita. Asilimia moja ni kidogo hadi uwe unatuma kila mwezi kwa keja tatu.

Halafu Desemba 2022. Hiyo hakuna msee wa Buffalo amesahau. Kuanzia tarehe 23 upepo ulitoka Ziwa Erie na theluji siku kadhaa, barabara zikafungwa, ambulensi zikakwama, stima ikapotea kwa keja nyingi. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengine ndani ya magari, wengine kwa nyumba zao. Dada mmoja alimwokota mzee wa miaka 64 nje, mikono imeganda, akamwingiza ndani. Akapiga simu ya dharura, hakuna gari lingeweza kufika. Akaingia laivu kwa Facebook kulia msaada, na wasee hawamjui hata kwa jina wakaja na lori wakampeleka mzee hospitali ya ECMC, Grider Street, si mbali na mtaa wetu. Kwa makundi ya mtandaoni watu walikuwa wanatafutiana dawa, maziwa ya watoto, mtu mwenye koleo. Stima ikiisha router inakufa, na inayobaki ni data ya simu na chaji iliyobaki.

Ndio maana huku Novemba ikiingia, wajanja wanajaza pawabanki kabla ya kujaza friji. Familia zinatumiana lokesheni, video za kujipakua zinazimwa, na watoto wanafundishwa kwamba 911 inaingia hata kwa simu isiyo na laini. Na tafadhali, ukiona theluji ya kwanza, usiingie laivu kuonyesha watu wa Umoja ka uko asilimia 12 na basi namba 19 halijaonekana.