Gauni Halijapungukiwa Inchi

"Fundi, nikilaza gauni langu juu ya kitambaa nikalizungushia chaki, niongeze inchi ngapi?" Nimeulizwa tena wiki hii, na muulizaji alikwisha kuambiwa na shoga yake kwamba mbili zinatosha. Hazitoshi. Hata tano hazitoshi, maana kinachopotea hapo si inchi.

Tazama kifuani. Gauni linalokaa mwilini lina mikunjo iliyoshonwa kwa ndani, inayoanzia kiunoni na kuishia chini kidogo ya titi. Hiyo ndiyo inayokipa kitambaa mwinuko. Ukililaza mezani, mwinuko unabonyea na chaki inapita pembeni kama vile haukuwahi kuwepo. Ukishona ulichochora, kiuno kitakuja sawa, kifua kitakataa. Ndipo unapozikumbuka zile inchi mbili na kuziongeza pande zote. Haya, ongeza shingoni: kitambaa kinaingia ndani ya tundu, shingo inazidi kuwa ndogo. Kwapani vivyo hivyo. Mabega nayo yanashuka. Umepata gauni pana lisilopitisha kichwa.

Tena mbele na nyuma hazifanani. Shingo ya mbele imeshuka kuliko ya nyuma, na kwapa la mbele limechimbwa zaidi ili mkono uende mbele bila kitambaa kujikusanya. Anayechora mara moja akakata vipande viwili sawasawa atavaa nguo inayomkaba koo, kisha atasema cherehani ni mbovu.

Mtaniambia mama mdogo hukata hivyo na nguo zinavaliwa. Anashona madira. Dira halina umbo la kupoteza, aendelee. Na wewe unayetaka kunakili fulana kwa kitenge, acha leo: fulana inavutika, kitenge hakivutiki.

Sasa fanya hivi. Nenda kwenye mitumba, Karume au Gikomba, utafute blauzi ya bei ndogo inayokukaa vizuri, ya kitambaa kisichovutika. Andika kwenye kila kipande kama ni mbele au nyuma, chora na mshale unaofuata nyuzi za kitambaa, kisha fumua upande mmoja tu. Mwingine ubaki ukuonyeshe ilivyoshonwa. Piga pasi kwa kushindilia, usiburute. Chora kwenye karatasi. Nafasi ya mshono imo tayari, usiiongeze tena.

Kama nguo huwezi kuifumua, weka karatasi juu ya kadibodi, laza kipande kimoja kimoja na utoboe kwa pini kwenye mstari wa mshono, kila sentimita 2 hivi. Ukifika kwenye mkunjo, toboa upande wake mmoja, shikilia ncha yake kwa pini, zungusha nguo mpaka upande wa pili ulale bapa, endelea. Uwazi unaobaki katikati ndio kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani. Unganisha vitundu kwa kalamu, ongeza sentimita 1.5 za mshono na 3 za pindo.

Pima bega la mbele na la nyuma, ubavu kwa ubavu; visipolingana, rudia. Kata kwanza kwa bafta au shuka kuukuu, shona kwa mishono mirefu, vaa, kaa, inua mikono, rekebisha karatasi. Kitenge kisiguswe mpaka hapo.