Moyo Mmoja Unachoka, Mitatu Inakaa Bure

(Namna ya kugawa makatizo mu ordinateri ya Linux)



Mu masomo yenye chumba cha informatiki, kuko neno moja ambalo halikawii kutoka: "Serveri imezeeka, haina nguvu tena, inunuliwe ingine." Basi wazazi wanaombwa feza juu ya minerval. Pengine neno hilo ni la kweli. Lakini pengine mashini iko na nguvu yake yote, ni kazi tu njo imegawanywa vibaya ndani yake. Leo tunataka kueleza namna ya kujua tofauti hiyo, mbele ya kutoa hata franka moja.

1. Katizo ni nini?

Prosesa ni ile sehemu ya ordinateri inayofanya hesabu. Imezungukwa na vyombo vingi: klavie, diski, kadi ya rezo. Sasa, prosesa inajua namna gani kama umefinya herufi A?

Kuko njia mbili. Ya kwanza, prosesa ipite kwa kila chombo na kuuliza: "Uko na kitu? Uko na kitu?" Njia hii inapoteza wakati, sawa mama anayefungua mlango kila dakika kuangalia kama mgeni amefika. Njia ya pili, mgeni mwenyewe apige hodi. Hodi hiyo njo tunaita katizo. Chombo kinatuma ishara. Prosesa inaacha kazi iliyokuwa mikononi, inaandika mahali ilipofika, inamhudumia mgeni, kisha inarudi palepale ilipoachia. Kila chombo kiko na namba ya hodi yake, ili prosesa ijue nani anayeita.

Mu ordinateri IBM PC ya 1981, kazi ya kupokea hodi ilifanywa na kipande kimoja cha Intel, jina lake 8259A, chenye nafasi 8 tu. Mu PC/AT ya 1984 viliwekwa vipande viwili, na nafasi zikawa 15, kwa sababu moja ilitumika kuunganisha vipande vyenyewe. Siku zile prosesa ilikuwa moja. Hapakuwa na ulizo la kugawa: hodi zote zilikuja kwake.

2. Mioyo mingi, mlango mmoja

Leo prosesa moja inabeba ndani yake prosesa ndogo nyingi. Wafaransa wanaziita mioyo, na sisi tutasema vile vile. Mashini nyingi ziko na mioyo 4, zingine 8 au kupita. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha kule Finland mu 1991, inajua kutumikisha prosesa nyingi pamoja tangu toleo 2.0 la mwaka 1996. Inazihesabu kuanzia sifuri: CPU0, CPU1, CPU2, CPU3.

Lakini kuwa na mioyo minne si kusema kazi inakwenda kwa yote minne. Tufananishe na jambo tunalolijua wote: Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, kilometa 90 hivi toka Lubumbashi. Malori ya shaba na kobalti yanatoka, malori ya chakula na ya vyombo vya migodi yanaingia. Tuwaze nyumba moja yenye gishe nne, na madereva wote wameambiwa wapange mstari kwa gishe ya kwanza. Karani wa kwanza anatoka jasho, karani watatu wanakunywa chai. Mkubwa akifika, anaona tu urefu wa mstari. Anasema: "Tujenge nyumba kubwa zaidi!" Lakini nyumba haikuwa na kosa.

Hivyo hivyo mu ordinateri. Kadi ya rezo ya gigabiti 1 inaweza kupokea vipande vya habari zaidi ya 81 000 kwa sekunde moja, kama kila kipande kinabeba okteti 1500. Vikiwa vidogo kabisa, vinaweza kufika 1 488 000 kwa sekunde. Kama kila kimoja kingepiga hodi, prosesa isingefanya kazi ingine ila kufungua mlango.

Kwa hiyo wenye kutengeneza Linux walitafuta akili, inayoitwa NAPI, ambayo toleo 2.6 la 2003 lilikuja nayo. Kadi inapiga hodi mara moja, kisha Linux inaiambia inyamaze, na inachota vipande kwa mafungu mpaka viishe. Halafu inairudishia ruhusa ya kuita. Njo maana kazi inakuwa na sehemu mbili: ya kwanza ni fupi sana, kusikia hodi, ya pili ni ndefu, kuchota na kupanga vipande.

Shikeni neno hili, ndilo kiini cha maneno yote ya leo: sehemu ya pili, ile ndefu, kwa kawaida inafanywa na moyo uleule uliosikia hodi. Hodi zote zikienda kwa CPU0, basi mzigo wote unamfuata CPU0.

3. Mbele ya kugusa, tazama

Tuseme serveri moja ya masomo inagawia ordinateri 30 maktaba ya Kiwix, ile inayosomwa bila intaneti. Wanafunzi wote wakifungua kurasa pamoja, inakuwa pole pole. Fungua dirisha la amri, uandike:

cat /proc/interrupts

Utaona mistari mingi. Huu ni mfano tuliotunga na kuufupisha:

        CPU0       CPU1   CPU2   CPU3
24:   9150322         0      0      0   eth0
27:    410877         0      0      0   ahci

Upande wa kushoto ni namba ya hodi. Upande wa kuume ni jina la chombo. Hapa eth0 ni kadi ya rezo, na ahci ni diski. Mu mashini yako majina yanaweza kuwa mengine. Amri "ip link" itakuonyesha jina la kadi yako. Katikati ni hesabu ya hodi ambazo kila moyo ulipokea. Lakini angalia: hesabu hiyo inaanzia siku mashini ilipowashwa, si leo asubuhi. Kwa hiyo usitazame mara moja tu. Tazama, ngoja sekunde 10, tazama tena, kisha toa ya kwanza mu ya pili. Tofauti njo kazi ya sasa.

Kisha andika amri "top" na ufinye 1, ili kila moyo uonekane mbalimbali. Tafuta herufi "si": ni sehemu ya wakati inayokwenda kwa ile kazi ndefu tuliyoitaja. Na "id" ni wakati wa kukaa bure. Fanya hivi saa ya kazi kweli, wakati wanafunzi wanatumia, si usiku chumba kikiwa kitupu. Sasa kuko majibu matatu.

Jibu la kwanza: CPU0 iko na "si" karibu na 100, na wenzake wako na "id" karibu na 100. Hapo mashini haikosi nguvu. Ni kugawa tu.

Jibu la pili: mioyo yote minne inatumika mpaka mwisho. Hapo kweli mashini ni ndogo kwa kazi yenu, na kuomba ingine ni haki.

Jibu la tatu: mioyo yote inapumzika, lakini bado ni pole pole. Basi ugonjwa uko pengine: kable mbaya, diski inayochelewa, au wifi iliyojaa watu. Kugawa makatizo hakutaponyesha kitu, na kununua prosesa kubwa vile vile.

4. Namna ya kugawa

Njia ya kwanza ni kumwachia mtumishi. Kuko programu inayoitwa irqbalance. Kama haimo mu mashini, inaongezwa. Kila sekunde 10 inatazama hodi na kazi ya kila moyo, kisha inahamisha namba zingine kwa moyo wenye nafasi. Kwa masomo mengi hiyo inatosha.

Njia ya pili ni kwa mkono. Kila namba ya hodi iko na faili yake inayosema mioyo gani ina ruhusa ya kuipokea. Kila moyo unapewa tarakimu: CPU0 ni 1, CPU1 ni 2, CPU2 ni 4, CPU3 ni 8. Ukitaka mingi, unajumlisha, na jibu linaandikwa kwa hesabu ya 16, ile tunayojifunza mu darasa: 10 ni a, 14 ni e, 15 ni f. Basi, kuhamisha kadi ya rezo kwa CPU1, ili CPU0 abaki na diski, unaandika, ukiwa na ruhusa ya root:

echo 2 > /proc/irq/24/smp_affinity

Vyombo vingine vinakataa, na mashini inajibu kwa neno la kosa. Usiogope: kuko hodi ambazo Linux yenyewe inazitunza, haitaki mkono wa mtu. Tena, kama irqbalance inafanya kazi, inaweza kurudisha ulichobadilisha. Chagua njia moja: mtumishi au mkono wako.

Wengi wanawaza: "Niandike f, mioyo yote minne ipokee kwa zamu." Si hivyo. Mu mashini nyingi za leo, f maana yake "mmoja wowote kati ya hawa wanne", na Linux inachagua mmoja, inakaa naye. Aliyechaguliwa unamsoma mu faili effective_affinity, pembeni ya ile ya kwanza.

Njia ya tatu ni ya kadi yenyewe. Kadi nzuri za serveri ziko na milango mingi, na kila mlango uko na hodi yake. Amri "ethtool -l eth0" inaonyesha milango mingapi. Ikiwa minne, kila moyo unapata wake, na mambo yamekwisha. Lakini kadi nyingi za bei ndogo ziko na mlango mmoja. Hodi moja haiwezi kukatwa vipande vinne. Kwa hizo, Linux inatoa msaada tangu toleo 2.6.35 la 2010, jina lake RPS: moyo mmoja unasikia hodi, lakini unawapa wenzake vipande ili wavipange. Kuacha CPU0 mlangoni na kuita wale watatu, tunajumlisha 2 na 4 na 8, inakuwa 14, ndiyo e:

echo e > /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus

5. Kugawa vizuri si kugawa ovyo

Hapa tuangalie sana. Mtu anaweza kuwaza kwamba uzuri ni kila moyo kupata hesabu sawasawa, na hodi kuhamahama kila wakati. Hapana. Kila moyo uko na meza yake ndogo ya karibu, ambamo unaweka maandiko unayotumia sasa. Kazi ikihamia kwa mwingine, maandiko lazima yaletwe toka mbali, na wakati unapotea. Karani aliyekwisha kufungua dosie yako ni afazali aimalize yeye mwenyewe.

Tena, vipande vya mazungumzo mamoja vikipita kwa mioyo mbalimbali, vinaweza kufika bila utaratibu, cha tatu mbele ya cha pili, na ordinateri inayopokea inaweza kuwaza kwamba kimoja kimepotea, ikaomba kitumwe tena. Njo maana RPS haitupi vipande ovyo: inatazama anatoka wapi na anakwenda wapi, na mazungumzo mamoja yanabaki kwa moyo mmoja. Sawa malori ya mwenye mali mmoja kupita kwa gishe moja, na ya mwingine kwa ingine.

Na jambo la mwisho linatugusa sisi watu wa Lubumbashi kuliko wengine. Mambo tuliyoandika mu /proc na mu /sys hayaandikwi ku diski. Delestaji ikipita na serveri ikizimika, yote yanarudi kama zamani. Kesho mashini ni pole pole tena, na watu watasema: "Tuliwaambia, imezeeka!" Basi amri hizo ziwekwe mu faili inayosomwa kila mara mashini inapowaka, na nakala iandikwe ku karatasi, ibandikwe ku ukuta wa chumba, ili atakayekuja nyuma yetu ajue nini ilifanywa na juu ya nini.

Kwa kufupisha: tazama mara mbili saa ya kazi, jua ni jibu gani kati ya matatu, badilisha kitu kimoja tu, tazama tena. Mwenye kubadilisha mambo matano pamoja hatajua lipi limeponyesha. Na kama, baada ya hayo yote, mioyo yote minne inatoka jasho, basi twende kwa wazazi na karatasi yenye hesabu mkononi. Ombi lenye hesabu linasikilizwa kuliko ombi lenye manunguniko.

Wenye maulizo wayaandike ku karatasi, wayalete kwa wenye kutunza gazeti hili. Tutayajibu mu namba ijayo.