Kona ya Ramani Yako Inasema Nini? Mwongozo wa Kisanduku cha Maelezo kwa Wanaojenga na Wanaochora

Mkazi anayepeleka ramani ya nyumba kuombewa idhini huangalia vyumba kwanza: sebule iko wapi, jikoni pana nafasi kiasi gani, choo kimewekwa upande gani. Anayeikagua ramani hiyo hana budi kuanzia kwingine. Kwenye ukingo wa kila karatasi, mara nyingi katika kona ya chini upande wa kulia, kuna kisanduku chenye jina la mmiliki, nambari ya ploti, skeli, tarehe na jina la aliyechora. Ikiwa maelezo ya hapo hayalingani na hatimiliki, uzuri wa vyumba hausaidii kitu.

Makala haya yanaeleza kazi ya kisanduku hicho, jinsi mchoraji anavyoweza kukiandaa mara moja katika programu ya kompyuta na kukitumia kwa kila kazi, na mambo ambayo wewe mwenye nyumba unapaswa kusoma kabla ya kulipa.

Kwa nini kisanduku kina uzito

Chini ya Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, mtu haruhusiwi kuanza ujenzi ndani ya kaunti bila idhini ya serikali ya kaunti. Anayekiuka akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Idhini hiyo hutolewa kwa jengo fulani kwenye ploti fulani. Sasa, mistari ya kuta peke yake haisemi iko ploti gani. Ramani ya nyumba ya vyumba vitatu inaweza kutoshea mahali popote. Kinachoifunga ramani na ardhi yako, na jina lako, na mtaalamu anayewajibika, ni maandishi ya kisanduku.

Makosa mengi ya kisanduku hutokana na kunakili. Mchoraji hufungua faili la mteja wa zamani, husogeza kuta, huongeza chumba, kisha hulihifadhi kwa jina jipya. Nyumba hubadilika, lakini seti ya ramani huwa na karatasi kadhaa: ya eneo la ploti, ya vyumba, ya paa, ya sura za nje, ya mkato wa jengo. Kila karatasi ina kisanduku chake. Mchoraji hurekebisha karatasi ya kwanza, akasahau ya nne, na nambari ya ploti ya mtu mwingine ikabaki pale. Mwenye nyumba hulipia uchapishaji mara ya pili, na siku za fundi zinapotea.

Maelezo yasiyopaswa kukosa

Kuna kiwango cha kimataifa kuhusu kisanduku hiki, ISO 7200. Kinataka pawe na mwenye mchoro kisheria, nambari ya utambulisho ya mchoro, tarehe ya kutolewa, nambari ya karatasi, kichwa cha mchoro, aina ya hati, jina la aliyechora na jina la aliyeidhinisha. Kwa ramani ya jengo hapa kwetu, ongeza haya:

- jina la mmiliki kama lilivyo kwenye hatimiliki;
- nambari ya ploti au ya ardhi, pamoja na jina la mahali;
- skeli, yaani uwiano kati ya urefu wa karatasini na urefu wa uwanjani;
- ukubwa wa karatasi ambayo skeli hiyo ni sahihi;
- jina na nambari ya usajili ya mtaalamu, na nafasi ya sahihi na muhuri;
- jedwali la mabadiliko;
- nafasi tupu ya mihuri ya idara zinazopitisha ramani.

Kiwango hicho kinapendekeza upana wa milimita 180. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha milimita 20 kushoto kwa kutoboa na kuweka kwenye faili, na milimita 10 kulia, unabaki na 180 kamili. Kwa hiyo kisanduku kimoja hutoshea karatasi ya kila ukubwa, na karatasi kubwa ikikunjwa vizuri, kisanduku hubaki juu ambapo kila mtu anakiona. Wasanifu wengi hupendelea ukanda wa kusimama upande wa kulia wa karatasi. Hilo nalo linafaa, mradi maelezo yote yawemo.

Kiolezo: andaa mara moja, tumia kila mara

Dawa ya kunakili ni kiolezo. Kiolezo ni faili lenye karatasi, mipaka, aina za mistari, maandishi na kisanduku, lakini halina nyumba ya mtu yeyote ndani yake. Kila kazi mpya huanzia hapo. Hatua zifuatazo ni za AutoCAD, ambayo hutumiwa sana.

1. Fungua faili jipya la vipimo vya metriki, acadiso.dwt. Kwa amri ya UNITS, chagua milimita. Nyumba huchorwa kwa ukubwa wake halisi: ukuta wa mita 12 huandikwa 12000.

2. Panga tabaka: kuta, milango na madirisha, vipimo, maandishi, mabomba. Ipe kila tabaka unene wake wa mstari, kwa mfano milimita 0.5 kwa kuta zilizokatwa na 0.25 kwa vitu vingine, ili msomaji atofautishe ukuta na meza.

3. Nenda kwenye kichupo cha Layout, ambacho ndicho karatasi yenyewe. Chagua kuchapisha kwa PDF, ukubwa wa karatasi, kwa mfano A3 yenye milimita 297 kwa 420, na skeli ya uchapishaji 1:1. Chora mpaka: milimita 20 kushoto na 10 pande nyingine tatu.

4. Chora mistari ya kisanduku na uandike maneno yasiyobadilika, kama vile MMILIKI, PLOTI, SKELI na TAREHE.

5. Maelezo yanayofanana kwenye karatasi zote, yaani jina la mmiliki, ploti, mahali na jina la mradi, usiyaandike kwa mkono kwenye kila karatasi. Fungua DWGPROPS, ingia sehemu ya Custom, na uunde nafasi ya kila moja. Kisha kwa amri ya FIELD iunganishe nafasi hiyo na kisanduku. Ukijaza mara moja pale, karatasi zote hubadilika, na ile ya nne haisahauliki tena.

6. Maelezo yanayotofautiana kwa kila karatasi, kama vile kichwa na nambari ya karatasi, yaandalie nafasi za kujaza kwa amri ya ATTDEF. Kisha ukusanye kisanduku chote kuwa kitu kimoja kwa amri ya BLOCK na ukiingize kwenye karatasi.

7. Katika kila nafasi weka neno JAZA badala ya kuiacha tupu. Nafasi tupu hupita bila kuonekana. Neno JAZA likichapishwa kwenye karatasi, hata mtoto wa shule atauliza.

8. Kwa amri ya MVIEW fungua dirisha la kuonyesha nyumba kwenye karatasi, lipe skeli, kwa mfano 1:100, kisha ulifunge lisiguswe.

9. Hifadhi kama faili la kiolezo, lenye mwisho wa .dwt. Unapoanza kazi mpya na kukichagua kiolezo hicho, programu hukufungulia nakala isiyo na jina, na kiolezo chenyewe hubaki kilivyo.

Asiyeweza kugharamia leseni ana njia nyingine. FreeCAD ni programu ya bure, na sehemu yake ya TechDraw hutumia violezo vyenye nafasi za kujaza. LibreCAD nayo ni ya bure na inafaa kwa michoro ya kawaida. Utaratibu ni ule ule: karatasi, mpaka, kisanduku, kisha uhifadhi bila nyumba ya mtu.

Muhuri haukai kwenye kiolezo

Wapo wanaohifadhi picha ya muhuri na sahihi ya msanifu ndani ya kiolezo ili kila ramani itoke ikiwa tayari "imepitishwa". Jambo hili ni hatari kwa kila mtu. Muhuri maana yake ni kwamba mtaalamu aliyesajiliwa ameikagua ramani hiyo moja na anakubali kuwajibika kwayo. Ukijichapisha wenyewe, hakuna aliyekagua, na siku nguzo ikipasuka hakuna wa kujibu.

Wasanifu majengo husajiliwa na bodi ya BORAQS, na wahandisi na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mwenye nyumba anaweza kuuliza bodi hizo kama jina na nambari iliyo kwenye kisanduku ni ya mtaalamu aliyesajiliwa. Pia ana haki ya kuzungumza na mtaalamu huyo ana kwa ana.

Skeli hudanganya karatasi ikipunguzwa

Skeli ya 1:100 maana yake ni kwamba milimita moja karatasini ni milimita 100 uwanjani. Chumba cha mita 3 huonekana kwa milimita 30. Ramani iliyoandaliwa kwa karatasi ya A1 ikichapishwa kwenye A3, urefu wote hupungua kwa nusu. Chumba kile kile sasa kina milimita 15, ilhali kisanduku bado kinasema 1:100. Fundi akipima kwa rula, atachimba msingi wa chumba cha mita moja na nusu.

Kwa sababu hiyo, kisanduku kiseme "1:100 kwa karatasi ya A1", na kando ya mchoro pawe na mstari wa skeli uliogawanywa kwa mita. Karatasi ikipunguzwa, mstari huo nao hupungua kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo hauwezi kudanganya. Hata hivyo, kanuni ya kazini ni moja: fundi hufuata vipimo vilivyoandikwa, hapimi karatasi.

Mchoraji na ajaribu kiolezo chake kabla ya kukiamini. Chora mstari wa mita 10, uchapishe kwa 1:100, kisha upime kwa rula. Usipopata milimita 100 kamili, huenda printa imeamriwa kubana mchoro utoshee karatasi. Zima mpangilio huo, uchapishe tena.

Jedwali la mabadiliko

Ramani nyingi hubadilika kabla ya kupitishwa. Choo kinasogezwa, dirisha linapanuliwa, nyumba inarudishwa nyuma kutoka kwenye mpaka wa barabara. Kila mara, jedwali lililo juu ya kisanduku liandikwe herufi ya toleo, A, B, C na kuendelea, tarehe, kilichobadilika na aliyebadilisha. "Marekebisho" si maelezo. "Dirisha la jikoni limepanuliwa kutoka milimita 900 hadi 1200" ni maelezo.

Bila jedwali hilo, fundi huweza kujenga kwa toleo la A wakati kaunti ilipitisha toleo la C. Kila mmoja ana karatasi mkononi, kila mmoja anaamini yake ndiyo sahihi, na nyumba inayosimama siyo iliyopata idhini. Toleo jipya likitoka, nakala za zamani zilizo kwenye eneo la ujenzi ziondolewe au zipigwe mstari mkubwa.

Mwenye nyumba, soma haya kabla ya kulipa

Chukua hatimiliki yako, keti na seti nzima ya ramani, na upitie karatasi moja baada ya nyingine:

- Je, jina langu na nambari ya ploti ni zile zile za hatimiliki, kwenye kila karatasi?
- Je, nambari za karatasi zinafuatana, na jumla yake inalingana na karatasi nilizo nazo?
- Je, skeli imetajwa pamoja na ukubwa wa karatasi?
- Je, toleo na tarehe ni zile zile kwenye karatasi zote?
- Je, mtaalamu aliyetajwa ninamjua, na sahihi yake ni ya kalamu au ya njia ya kielektroniki aliyoitumia mwenyewe?
- Je, neno JAZA, au jina la mtu nisiyemjua, limebaki popote?

Mwombe mchoraji akupe pia PDF ya seti nzima na uihifadhi. Ukijenga nyongeza miaka ijayo, au ukiuza, utaihitaji.

Ukiona tofauti yoyote, irudishe kwa mchoraji kabla ya kulipa salio na kabla ya kuwasilisha ombi. Usiyeelewa jambo lolote kwenye kisanduku, beba ramani na nakala ya hatimiliki hadi ofisi ya mipango ya kaunti uulize kabla ya fundi kuanza kuchimba. Kubadilisha nambari moja kwenye faili huchukua dakika chache. Msingi uliokwisha kumwagwa zege haubadilishwi kwa dakika.