Mkate wa Boga kwa Mwalimu

Wiki hii nataka tuzungumzie zawadi ya mwalimu. Sizungumzii kuku aliyefungwa miguu, tuliyekuwa tukitumwa kumpeleka nyumbani kwa mwalimu mkuu. Nazungumzia zile zawadi za kuoka ambazo wazazi wengi wa Marekani hupeleka shuleni Oktoba na Novemba, majani ya miti yanapopukutika. Vitabu vyetu huyaita majira hayo vuli, ingawa vuli tunayoijua sisi watu wa pwani ni ya mvua.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya swali nililoulizwa kwa simu. Mpwa wangu anaishi katika jimbo la Massachusetts, na mwanawe alianza shule ya serikali huko akiwa hajui neno la Kiingereza. Mwalimu akawa anabaki naye baada ya masomo, bila kudai chochote, hata mtoto akaanza kusoma. Sasa mama mtu akataka kumnunulia mwalimu mkufu wa dhahabu. "Mjomba, waonaje?" Nikamwambia kwamba mkufu huo ungeweza kumtia mwalimu matatani.

Sheria ya jimbo lile inamkataza mtumishi wa umma kupokea zawadi ya thamani ya dola 50 au zaidi anayopewa kwa sababu ya kazi yake, na mwalimu wa shule ya serikali ni mtumishi wa umma. Wazazi wa darasa wakichanga, mwalimu aweza kupokea zawadi ya pamoja isiyozidi dola 150, mradi majina ya waliotoa na kiasi cha kila mmoja yasitajwe. Mimi naiona ni sheria ya haki. Mtu anayesahihisha mtihani wa mwanao hafai kuwa na deni kwako, na mtoto ambaye baba yake hana kitu hafai kukaa darasani akihesabu zawadi za wenzake. Mkate uliookwa nyumbani haufiki hata karibu na kiwango hicho, lakini mwalimu ajua kwamba mtu alisimama jikoni kwa ajili yake.

Wala desturi yenyewe si ngeni. Katika karne ya 19, walimu wengi wa vijijini Marekani walilala na kula kwa zamu katika nyumba za wanafunzi wao, na chakula hicho kilikuwa sehemu ya ujira. Siku hizi mwalimu analipwa mshahara, chakula kimebaki kuwa shukrani. Na Oktoba ina sababu nyingine: tangu 1994, tarehe 5 ya mwezi huo ni Siku ya Walimu Duniani.

Tuje jikoni. Boga kubwa linalochongwa sura za kutisha mwishoni mwa Oktoba lina maji mengi na ladha hafifu, liache. Nunua kopo la boga lililopondwa, gramu 425, linalotosha mikate miwili. Changanya na mayai 4, kikombe kimoja cha mafuta ya kupikia, maji kidogo na sukari. Wenyeji hutia sukari vikombe 3. Mimi nasema 2 vinatosha, mwalimu naye ana meno. Kisha tia unga wa ngano vikombe 3 na nusu, vijiko vidogo 2 vya magadi soda, chumvi, mdalasini, kungumanga, tangawizi na karafuu. Naam, karafuu, ile ile ya Unguja na Pemba! Itie kwa kubania, maana ikizidi mkate hunuka dawa ya meno.

Unga ukishaingia usikoroge sana, mkate utakuwa mgumu kama mpira. Oka kwa nyuzi 175 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi, kisha choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva. Boga hushika unyevu, ndiyo maana mkate huu hauchakai upesi kama keki ya kawaida. Lakini usiufunge ungali moto: mvuke utageuka maji ndani ya karatasi, na kesho kutwa utaota ukungu.

Lipo jambo moja ambalo kwetu halizoeleki. Wapo watu ambao punje ya karanga yaweza kuwaua. Sheria ya Marekani huvitaja vyakula 9 vinavyodhuru zaidi kwa namna hiyo, na cha tisa, ufuta, kiliongezwa 2021. Katika mkate wetu vimo viwili, ngano na mayai. Basi usitie karanga wala jozi, na bandika kikaratasi kinachotaja kila kilichomo. Andika pia tarehe ya kuokwa. Ukabidhi mkononi mwa mwalimu mwenyewe, usiuache mezani darasani, kwani watoto thelathini hawataanza kwa kusoma kikaratasi.