Unataka kufuga nyoka? Jenga nyumba kwanza!

Je, umewahi kumwona mtu akicheza ngoma na chatu shingoni? Kama unaishi Buzuruga au popote pale Mwanza, bila shaka umewahi, au umesimuliwa. Panda daladala pale stendi ya Buzuruga, fuata barabara ya Musoma mpaka Kisesa, halafu pandisha kwenda Bujora kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, mwezi wa Juni, hapo hufanyika ngoma za Bulabo. Wagika wanashindana na Wagalu, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Nyoka ni silaha kubwa ya kuvuta watu. Chatu akitolewa, uwanja mzima unakimbilia huko!

Baada ya kuona mambo kama hayo, kijana anarudi nyumbani na swali kichwani: "Na mimi nikimpata mdogo, nitamfuga vipi?"

Swali hilo si la kijinga, na hatutakujibu kwa kukutisha. Jibu fupi ni hili: nyoka hafugwi kwa mkono, anafugwa kwa nyumba. Ngoma inaonyesha dakika chache za ushujaa. Siku nzima iliyobaki nyoka lazima awe mahali fulani, na mahali hapo ndipo panapoamua kama ataishi au atakufa, na kama wewe na wadogo zako mko salama au hapana.

NYOKA SI PAKA

Paka anakujua. Mbwa anakungoja mlangoni. Nyoka hayuko hivyo. Akitulia mkononi mwako amekuzoea tu, amejua kwamba humdhuru. Kukupenda hajui. Ndiyo maana wahenga walisema mwana wa nyoka ni nyoka. Hata angelelewa tangu yai, hawi kitu kingine.

Jambo la pili: nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Mwili wake hupata joto kutoka nje, kwenye jua, jiwe au udongo. Akipata joto, anaweza kuwinda na kumeng'enya chakula. Akikosa joto, chakula kinaozea tumboni na anakitapika. Kwa hiyo nyoka aliyewekwa kwenye ndoo ya plastiki chini ya kitanda hajafugwa. Anakufa polepole, na siku akitoka kwenye ndoo hiyo atamkuta mtu amelala.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa Tanzania nyoka wa porini ni mali ya taifa kama alivyo twiga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumkamata au kumweka mnyamapori bila kibali. Chatu analindwa pia na mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Tanzania iliingia mwaka 1979. Mkataba huo unasimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Kwa hiyo usiokote nyoka kwenye mawe ya Mwanza ukasema umepata wa kwako. Hatua ya kwanza ni kuuliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA. Maelezo yanayofuata ni kwa yule atakayepata kibali siku moja, labda na klabu ya shule au bustani ya wanyama. Ni ya msomaji mwingine pia. Ukishaiona kazi yenyewe, utaweza kumwambia mshikaji wako aliyeficha nyoka kwenye ndoo kwa nini hilo ni soo.

YUPI ANAMFAA ANAYEANZA?

Asiwe na sumu, asiwe mkubwa, na awe amezaliwa kwenye hifadhi ya binadamu, si porini. Nyoka wa porini mara nyingi ana minyoo na kupe, na wengi hukataa kula wakifungiwa.

Duniani, anayeanza hupewa mara nyingi chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye pia hupatikana Uganda. Anafika mita moja na kidogo, na akiogopa anajikunja kama mpira. Mwingine ni nyoka mnene wa mchangani anayeishi Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Huyu hufugwa sana Ulaya na Marekani. Angalia maajabu: watu wa kule wanamtunza nyoka wa kwetu kuliko sisi tunavyomjua!

Chatu wetu mkubwa hafai chumbani. Anapoanguliwa anaweza kuwa na urefu wa sentimita 60 hivi, lakini akikua hupita mita 3, hata 4. Mtu mmoja hawezi kumdhibiti.

Na kumbuka umri. Chatu mdogo akitunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30. Ukianza ukiwa kidato cha pili, utakuwa na watoto wako na yeye bado yupo. Nani atamlisha ukienda bweni? Nani ukienda chuo Dodoma?

NYUMBA YENYEWE

Tuchukue mfano wa chatu mdogo mwenye urefu wa sentimita 120. Anahitaji hivi:

1. Sanduku. Urefu sentimita 120, upana 60, kimo 60. Kwa kifupi, nyoka aweze kujinyoosha wote. Plaiwudi inafaa, na mlango wa kioo uwe mbele. Nyoka huogopa kitu kinachomjia kutoka juu, kwa sababu mwewe naye hutokea juu.

2. Matundu ya hewa. Yawe mengi na madogo. Kichwa kikipita, mwili wote utapita. Usitumie wavu mkali, maana atausugulia pua hadi atoe damu.

3. Kufuli. Si kamba, wala tofali juu ya mfuniko. Nyoka ni msuli mtupu, na usiku kucha hana kazi nyingine ila kutafuta upenyo.

4. Joto la pande mbili. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Upande mmoja uwe na nyuzi joto 31 hadi 33, na mwingine nyuzi 25 hadi 27, ili nyoka achague mwenyewe. Weka kipimajoto kila upande, usipime kwa kiganja. Usiku wa Mwanza, hasa Juni na Julai, joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 20, kwa hiyo anahitaji kupashwa. Balbu ikitumika izungushiwe wavu mnene, maana nyoka atajizungusha kwenye balbu ya wazi na kuungua asijitoe. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inasaidia kwa saa chache. Mchana tatizo hugeuka: chini ya paa la bati lisilo na dari, sanduku linaweza kuwa tanuri. Kamwe usiliweke dirishani penye jua.

5. Maficho mawili. Moja upande wa joto, jingine upande wa baridi. Chungu kilichovunjika au boksi la viatu vinatosha. Asiye na pa kujificha huishi kwa hofu, na mwenye hofu hali na anauma.

6. Maji na sakafu. Bakuli zito lisilopinduka, maji yabadilishwe kila siku. Chini tandika gazeti. Halina raha ya macho, lakini unaona uchafu mara moja. Usitumie vumbi la mbao zenye harufu kali.

CHAKULA

Nyoka huyu hula panya. Hali ugali, hali dagaa, na hanywi maziwa. Mkubwa hula mara moja kila siku 10 hadi 14, na panya asizidi unene wa tumbo la nyoka. Mpe panya aliyekwisha kufa, umshikie kwa koleo refu. Panya aliye hai naye ana meno, anaweza kumjeruhi nyoka vibaya.

Usimpe panya uliyemkuta amekufa nyumbani! Huenda alikula sumu ya panya, na sumu hiyo itamwua nyoka pia. Baada ya kula, mwache siku mbili bila kumshika. Akianza kubadilisha gamba, macho yake huwa na ukungu wa buluu na haoni vizuri. Hapo pia mwache.

Muite daktari wa mifugo ukiona anapumua mdomo wazi, ana mate mazito, ana vidudu vidogo kama vumbi jeusi kwenye magamba, au anatapika kila anapokula.

AFYA YAKO

Hata nyoka mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni. Hawa huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo, na kwa mtoto mdogo wanaweza kuleta hatari kubwa. Kwa hiyo:

- Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika nyoka au chombo chake.
- Usioshe bakuli lake kwenye karai la vyombo vya nyumbani.
- Mtoto chini ya miaka mitano asimguse kabisa.
- Usimvae shingoni, hata kwa picha. Chatu akiogopa hukaza, na shingo ndiyo njia ya pumzi yako.

NYOKA WA SUMU: HAPA HAKUNA MWANAFUNZI

Wasukuma wana chama cha Buyeye, watu wa nyoka. Mtu hafiki huko kwa kujaribu. Huingizwa na kufundishwa na waliomtangulia. Usichukue ulichokiona kwa dakika tano uwanjani ukadhani umehitimu.

Hata wataalamu hudanganyika. Mwaka 1957, huko Chicago, mtaalamu mkubwa wa nyoka, Karl Schmidt, aliletewa nyoka mchanga wa mitini kutoka Afrika ili amtambue. Hakufika hata mita moja. Alipomshika, akaumwa kidole gumba. Kwa vile nyoka alikuwa mdogo na jeraha dogo, hakutafuta matibabu. Alikaa akiandika dalili zake. Kesho yake asubuhi alijisikia vizuri, akala. Mchana alikuwa amefariki.

Na sisi je? Kifutu huzaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja, nao wana sumu tangu siku ya kwanza. Swila wako wanaotema sumu mpaka machoni. Yupo pia nyoka mdogo mweusi wa ardhini ambaye hata ukimbana nyuma ya kichwa, hutoa jino pembeni ya mdomo na kukuchoma. Kwa macho ya asiyejua, anafanana kabisa na nyoka asiye na madhara.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengine wengi zaidi hubaki na ulemavu. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

UKIUMWA, FANYA HIVI

- Ondoka karibu na nyoka. Usimfukuze wala usijaribu kumkamata.
- Tulia. Vua pete, bangili, saa na viatu kabla hujavimba.
- Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Kifunge na kipande cha ubao kama uliyevunjika.
- Nenda hospitali mara moja, ubebwe kama inawezekana. Usingoje dalili. Mwanza mjini kuna Sekou Toure na Bugando.
- Ukitemewa machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

USIFANYE: usichanje kwa wembe, usinyonye, usikaze kamba, usiweke jiwe jeusi ukangoja livute sumu. Mganga unaweza kumheshimu, lakini saa unazopoteza kwake ndizo saa ambazo dawa ya kuzuia sumu ingefanya kazi.

UANZIE WAPI?

Anza kwa macho. Kuna Bujora. Ukipata safari ya Arusha, kuna bustani ya nyoka ya Meserani, na Nairobi kuna Snake Park karibu na Makumbusho ya Taifa. Kule Watamu, pwani ya Kenya, shamba la nyoka la Bio-Ken limekuwapo tangu 1980. Uliza maswali. Angalia makufuli yao, angalia maji, angalia jinsi mtunzaji anavyofungua mlango bila haraka. Na kama moyo umezama kabisa, Chuo cha Wanyamapori cha Pasiansi kiko hapa hapa Mwanza. Soma baiolojia kwa bidii, kazi ipo.

Nyumbani unaweza kuanza leo bila nyoka. Tengeneza lile sanduku, weka vipimajoto viwili, andika joto asubuhi, mchana na usiku kwa mwezi mzima, umeme uwepo au usiwepo. Ukichoka siku ya tisa, umepata jibu lako, na hakuna aliyeumia.

JADILINI DARASANI

1. Kwa nini sanduku la nyoka linahitaji upande wa joto na upande wa baridi?
2. Rafiki yako ameficha nyoka nyumbani na wazazi hawajui. Utamwambia nini, na utamshirikisha mtu mzima yupi?
3. Mtu akiumwa na nyoka mtaani kwenu usiku, mtamfikishaje hospitali? Pangeni sasa, kabla haijatokea.