Gwanda la Baba Mkwe Chumbani Mwetu

Wengine wanagombana kwa sababu ya simu. Sisi tulifikishana pabaya kwa sababu ya kaptula ya kaki, mkanda na vifungo kumi na moja vya shaba.

Mpenzi msomaji, kila mtu ana kitu anachokikumbuka katika wiki yake ya kwanza ya ndoa. Mimi nakumbuka kabati. Nilifungua nikiwa nimekumbatia magauni yangu, nikatafuta hanga. Ya mbao ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na mwenyewe: shati la kaki lenye mifuko miwili kifuani, na kaptula iliyopigwa wanga na pasi mpaka ule mstari wa mbele umesimama wima.

"Kumbe nimeolewa na afande?" nikamtania.

Mume wangu akacheka. "Hilo la mzee," akasema. "Kila kitu humu sogeza, hilo usiguse."

Tulioana mwaka 2016 hapa hapa Songea, tukapanga nyumba Bombambili. Yeye ni mpima ardhi, mimi ni mhasibu. Baba yake alikuwa askari magereza kuanzia miaka ya 1970 mpaka alipostaafu, na alifariki kabla sijaolewa. Aliacha sanduku moja la bati, ndani yake mkanda, soksi ndefu, filimbi, picha tatu na lile gwanda. Nikadhani ni kumbukumbu ya mzazi, basi. Sikujua kwamba sanduku lile lilikuwa mwanzo tu.

Mwenye hobi hana Jumamosi

Wanaume wengine Jumamosi wako kwenye mpira. Wangu naye ni mshabiki wa Tanzania Prisons ya Mbeya, wale Wajelajela, lakini mpira unaisha dakika tisini. Sare haziishi! Akisikia kuna askari mstaafu Mbinga au Tunduru, anapanda basi. Anakaa na mzee, wanapiga stori, anarudi jioni na kifungo kimoja kwenye karatasi anakionyesha kama pete ya dhahabu. Siku moja gesi imeisha, naomba hela ya mtungi, nikaambiwa imeishia kwenye bakoli ya mkanda. Nilipika kwa mkaa siku nne, na sikuongea naye siku tano.

Lakini nisimwonee. Nilijifunza mengi kwake. Kumbe idara ya magereza ilitenganishwa na polisi mwaka 1931, wakati wa Waingereza. Kumbe kifungo kinakwambia umri wa gwanda. Kwenye sare za Kiingereza, taji lenye mabega ya mviringo ni la enzi ya mfalme, na lile lililobonyea katikati ni la enzi ya Malkia Elizabeth, aliyerithi kiti mwaka 1952. Ukishajua hilo, kila ukiona kifungo cha zamani unakigeuza.

Na hayuko peke yake duniani. Kule Romania, Ulaya Mashariki, kuna watu wanakusanya sare za maaskari magereza wa nchi yao, za wakati wa ukomunisti na za baadaye. Utawala wa Ceaușescu ulianguka Desemba 1989. Mwaka uliofuata magereza yakatolewa kwenye wizara ya mambo ya ndani na kupelekwa wizara ya sheria, na mwaka 2004 watumishi wake wakaacha kuwa wanajeshi. Kila badiliko la namna hiyo linagusa mavazi. Mume wangu alinieleza habari hizo usiku mmoja, macho yanang'aa. "Unaona? Ukizipanga magwanda yao kwa miaka, umesoma historia ya nchi nzima."

Nikaitikia "mmh". Nilikuwa na sababu yangu ya kutochangamka, na nilikuwa sijamwambia.

Nilichomficha

Baba yangu alikuwa mfungwa.

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa wahujumu uchumi. Waliozaliwa juzi wanaweza wasijue. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni hakuna, sukari hakuna, kanga kwa kupanga foleni. Machi ile, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali ikaanza msako wa walanguzi na wanaoficha bidhaa. Wananchi wengi waliushangilia. Watu walitupa mali mitoni na kuchimbia mashimoni kwa hofu. Baba alikuwa na duka dogo. Darini kwake zilikutwa katoni za sabuni na majora ya vitambaa. Alikaa ndani miezi tisa.

Mimi nilizaliwa miaka kadhaa baadaye, nikakuta neno moja tu: "Baba alikuwa safarini." Nilikuja kujua ukweli nikiwa kidato cha tatu, tena kwa shangazi. Lakini dalili zilikuwepo. Kaka zangu walipokuwa shule ya msingi, si unajua wavulana wanavaa kaptula za kaki? Mama alikuwa anazianika nyuma ya nyumba. Kamwe hazikuanikwa mbele, pale Baba alipokuwa anakaa na chai yake.

Sasa nitamwambiaje mume wangu? Yeye baba yake ni shujaa wake. Niliona nikisema ya kwangu nitakuwa namtukana marehemu. Nikanyamaza miaka mitatu. Mwenzangu, kama unanyamaza kitu ndani ya nyumba yako ukidhani unalinda amani, nisikilize: nilikuwa naahirisha tu.

Usiku ule wa 2019

Baba alikuja Songea kutibiwa. Tukampa chumba cha wageni. Mimi nilikuwa safari ya kikazi siku mbili nyuma, sikujua kwamba mume wangu alikuwa amehamishia mkusanyiko wake kwenye chumba kile, na kwamba gwanda la mzee alikuwa amelivika lile sanamu la fundi cherehani, likasimama kona ya dirisha. Baba alifika jioni umeme umekatika, akalala mapema.

Saa nane usiku tukasikia sauti. "Ndiyo, afande! Ndiyo, afande!"

Tulimkuta amesimama kando ya kitanda, mikono imenyooka ubavuni, mzee wa miaka sabini na mbili. Umeme ulikuwa umerudi, taa ya nje inapiga dirishani, na kile kivuli cha kaki kinamtazama. Nilimshika mkono, akaanza kutetemeka. Kulikopambazuka alikuwa kwenye kiti barazani, hakurudi tena kile chumba.

Mume wangu alinivuta jikoni. "Baba ana nini?" Ndipo nikamwambia yote, nalia, huku uji unaungua.

Hakunikasirikia. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza jambo moja: "Gereza gani?" Nikamtajia. Akashusha pumzi. Halikuwa alilofanyia kazi baba yake.

"Tulikuwa tunazifua sisi"

Nilitegemea ataficha kila kitu. Badala yake alikwenda barazani, akapiga goti moja mbele ya Baba, akaomba radhi. Baba akamwangalia. "Mwanangu, lile gwanda ni la nani?"

"La marehemu baba yangu, Baba. Alikuwa magereza."

"Lilete."

Mimi moyo unadunda. Akaliweka mapajani kwake. Baba akapapasa kola, akafuata ule mstari wa kaptula kwa kidole gumba, taratibu, kama fundi.

"Nani anapiga pasi?"

"Mimi mwenyewe. Nakumbuka mzee alivyokuwa anatoka asubuhi, kaptula imesimama. Nikawa najiambia, baba yangu nadhifu kuliko baba zote."

Baba akatikisa kichwa. "Tulikuwa tunazifua sisi," akasema. "Pale nilipokuwa mimi, kazi yangu ilikuwa hiyo. Kufua, kupiga wanga, pasi ya mkaa. Mstari ukipinda, unarudia. Nilipiga nyingi sana, nazijua kwa mkono." Akanyamaza. "Kulikuwa na askari mmoja, kijana, alikuwa anaacha kipande cha muhogo mfukoni mwa shati. Anajua mimi ndiye nafua."

Hakuna aliyesema kitu. Mume wangu alikuwa analitazama gwanda kana kwamba hajawahi kuliona. Miaka yote ule unadhifu alijua ni wa baba yake. Hakuwahi kujiuliza ni mikono ya nani.

Makumbusho yalitufundisha

Sisi watu wa Songea tuna bahati ya kuwa na mahali pa kufikiria mambo haya. Baba alipopata nafuu tulikwenda naye Makumbusho ya Maji Maji, ambako mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wanakumbukwa. Ni watu 67. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, ana kaburi lake peke yake. Wengi wa askari wa Wajerumani walikuwa Waafrika wenzetu waliovalishwa sare. Baba akasimama pale muda. Akasema tu, "Kumbe ni zamani."

Warumania nao wamefanya hivyo. Gereza la Sighet, alimofia waziri mkuu wa zamani Iuliu Maniu mwaka 1953, leo ni makumbusho ya waliofungwa na vyumba vya mahabusu ndivyo vyumba vya maonyesho. Mume wangu alisoma habari hiyo akaniambia, "Mimi nilikuwa nakusanya nusu."

Basi akanunua daftari la jalada gumu. Kila kitu kina kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto anaandika aliyevaa: cheo, miaka, alikotoka. Kulia anaandika aliyefungwa, kama kuna wa kusimulia. Ukurasa wa kwanza wa kulia ni wa Baba yangu. Aliusimulia siku tatu, na mimi ndiye niliyeandika. Muhogo umo.

Kama mwenzako ni mkusanyaji

*Sheria kwanza.* Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo kuzisalimisha. Lile tangazo lilihusu jeshi la wananchi, lakini sisi hatukusubiri kuulizwa. Tulitafuta ushauri, na vyote vilivyofanana na vinavyotumika leo, vyeo na kofia, tukavipeleka kunakohusika. Tumebaki na vifungo vya mkoloni, filimbi, picha, daftari na ile kaptula ya mzee. Usivae, usiuze kienyeji, usimpe mtoto achezee.

*Bajeti iwe wazi.* Hobi iwe na kiasi chake kwa mwezi, na gesi inatangulia.

*Chumba cha kulala ni cha wawili.* Kitu chenye historia nzito kikae mahali ambapo mgeni hatakutana nacho gizani.

*Ulizeni mapema.* Kabla ya ndoa tunaulizana dini, kabila, magonjwa, watoto wa nje. Muulize pia: wazazi wako walipitia nini? Nasi tungeulizana, Baba asingesimama wima usiku ule.

Baba bado anakuja, sasa analala chumba kile kile, sanamu limeondoka. Mwezi uliopita alimkuta mume wangu anapiga pasi ile kaptula. Akamtazama, akatikisa kichwa.

"Lete huku," akasema. "Unaupinda."